Muhogo Usiopewa Siku Zake

Katika mtihani mmoja wa kumbukumbu, mtoto huonyeshwa picha za samaki, mimea na kombe za baharini. Kila picha imepewa jina la kubuni, jina lisilokuwemo katika lugha yoyote, ili asiwepo mtoto anayelijua kabla ya kuketi. Mtahini hutaja jina, mtoto hugusa picha. Majina huongezeka, picha nazo huongezeka. Mtihani huo ni sehemu ya kipimo kikubwa cha uwezo wa kufikiri, ambacho Michael Boivin wa Chuo Kikuu cha Michigan State, pamoja na wenzake Wakongo, walikitumia huko Kahemba, kusini magharibi mwa Jamhuri ya Kidemokrasia ya Kongo, karibu na mpaka wa Angola. Matokeo yao yalichapishwa mwaka 2013.

Watoto zaidi ya 100 kati ya waliopimwa walikuwa na konzo, ugonjwa unaokakamaza miguu na usiopona. Wengine walikuwa watoto wa mazingira hayohayo, wanaokula chakula kilekile, lakini wanaokimbia na kuchota maji kama mtoto yeyote mzima. Kundi la tatu lilitoka sehemu ambako konzo haikuwa imezuka. Kwamba wenye konzo walipata alama za chini, hilo halikumshangaza mtu. Lililoshtua ni kundi la kati. Watoto wale wenye miguu mizima nao walikuwa nyuma ya wenzao wa mbali. Hakuna mama aliyekuwa amewapeleka hospitali, kwa sababu hakukuwa na dalili ya kupeleka.

Nimeiandika sura hii kwa ajili ya watoto wa kundi hilo la kati. Ili kuwafikia itabidi tupitie kwa wale wenye konzo, na kabla yao tupite jikoni.

Muhogo hujilinda wenyewe. Ndani ya seli zake umehifadhi kemikali iitwayo linamarini, na mahali pengine, mbali kidogo, umehifadhi kimeng'enya cha kuivunja. Panya akiutafuna mzizi, kuta za seli hupasuka, viwili hivyo hukutana, na sianidi hutoka. Muhogo mtamu una linamarini kidogo, ndiyo maana tunauchemsha au kuuchoma na kuula bila wasiwasi. Muhogo mchungu umejaa sumu hiyo, na wakulima wengi wanaupenda kwa sababu hiyohiyo. Ngedere hawaumalizi, nguruwe mwitu wanaupita, na mwizi wa usiku haendi kung'oa kitu asichoweza kukitia mdomoni njiani. Katika udongo uliochoka na mwaka wa mvua haba, muhogo mchungu husimama wakati mahindi yamekwisha kufa shambani. Ukame nao huuongezea sumu. Mwaka ambao watu hawana kingine cha kula ndio mwaka ambao mizizi yao ni mikali kupita kawaida.

Zao hili lilitoka Amerika ya Kusini, likaletwa Afrika na Wareno kuanzia karne ya 16. Huko kwao Amazonia wanawake walikuwa na ufundi wa kale wa kuukuna, kuukamua na kuukausha juu ya moto. Huku kwetu wanawake walijenga ufundi wao: kuloweka mizizi mtoni au kwenye mapipa mpaka ilainike, kuivundika chini ya majani mpaka iote ukungu, kumenya, kuanika, kutwanga, kuchekecha. Makopa, udaga na unga wa kivunde ni majina ya kazi hiyo. Kila hatua ina sababu ya kikemia. Mzizi unapolainika majini seli zake hupasuka, kimeng'enya huikuta linamarini, na sianidi huyeyukia majini au hupaa hewani. Kinachohitajika kuliko vyote ni muda. Kuloweka kunataka siku tatu au zaidi, kisha jua la kukausha. Shirika la Afya Duniani na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa wameweka kikomo cha miligramu 10 za sianidi kwa kila kilo ya unga, na mwanamke wa kijijini anayezifuata siku zake zote huweza kukikaribia kikomo hicho bila maabara yoyote.

Sasa fikiria siku hizo zikipunguzwa.

Konzo humpata mtu ghafla. Alikuwa mzima jana, leo ameamka au ametoka safari ndefu ya kutafuta kuni, na miguu haimtii. Imekakamaa yote miwili kwa namna moja. Ukimgonga goti kwa kinyundo cha daktari, mguu unaruka kwa nguvu ya kutisha. Ugonjwa huo hauendelei kuzidi mwezi baada ya mwezi, lakini pia haurudi nyuma. Mtu hubaki na kiasi kile alichopewa siku ile. Kuna anayetembea kwa kuburuta vidole, kuna anayehitaji fimbo moja au mbili, na kuna asiyesimama tena. Waliopigwa vibaya zaidi huathirika hata usemi na macho. Wengi wao ni watoto waliokwisha kuacha kunyonya na wanawake walio katika umri wa kuzaa. Kilichoharibika ni seli ndefu za neva zitokazo kwenye ubongo na kushuka ndani ya uti wa mgongo, zinazobeba amri ya kutembea. Kwa hiyo konzo, ingawa huonekana miguuni, ni ugonjwa wa ubongo. Giovanni Trolli, daktari Mwitaliano aliyefanya kazi katika Kongo ya Wabelgiji, aliueleza mwaka 1938 kutokana na taarifa za eneo la Kwango, akatumia jina walilokuwa nalo Wayaka wenyewe. Ugonjwa ulikuwa unajulikana vijijini kabla daktari hajafika.

Mwaka 1981, wilaya ya Memba katika mkoa wa Nampula, kaskazini mwa Msumbiji, ilipata ukame uliokausha kila zao isipokuwa muhogo mchungu. Ndani ya miezi michache watu zaidi ya 1,100 walipooza miguu. Wenyeji wakauita mantakassa. Polio ilishukiwa kwanza, na kuna sababu: watoto wengi, kupooza kwa ghafla, eneo moja. Lakini polio hulegeza misuli, na hawa misuli yao ilikaza. Daktari Julie Cliff wa Wizara ya Afya ya Msumbiji, na Hans Rosling, daktari kijana Mswidi aliyekuwa akihudumu Nacala jirani na hapo, ni miongoni mwa waliofuatilia mkojo, unga na mapishi mpaka wakaifikia sianidi. Rosling baadaye alijulikana ulimwenguni kwa mihadhara yake ya takwimu za maendeleo, na wengi waliomtazama hawajui kwamba alitumia miaka mingi ya ujana wake juu ya muhogo wa Afrika.

Wamakua wa Nampula wana ndugu zao Masasi, ng'ambo ya Ruvuma. Huko nako, mwaka 1988, watu walilazwa kwa sumu ya muhogo. Nicholas Mlingi, mtafiti Mtanzania wa lishe, alikwenda kuuliza unga uliandaliwaje. Katika njaa, akaambiwa, watu hawasubiri. Wanatumia njia ya mkato waiitayo chinyanya: mizizi mibichi inatwangwa, inaanikwa kidogo, inachekechwa, inatwangwa tena, na chakula kinapatikana bila kungoja siku zile za kukausha mizizi mizima. Wakati wa ukame wa katikati ya miaka ya 1980 konzo yenyewe ilikuwa imekwisha kuzuka Tarime, mkoani Mara, na ikachunguzwa na William Howlett pamoja na Mlingi, Rosling na wenzao. Makala yao ya mwaka 1990 ndiyo iliyoieleza konzo kwa undani kama ugonjwa wa pekee wa neva za mwendo. Mwanzoni mwa miaka ya 2000 ilirudi tena, safari hii Mtwara. Msomaji wa Tanzania aliyekuwa akidhani nasimulia mambo ya nchi nyingine, na alitambue hilo.

Kuna kisa cha Bandundu, huko Kongo, ambacho kwangu kina uzito kuliko vyote, kwa sababu hakikuanzia kwenye ukame. Thorkild Tylleskär na wenzake, katika utafiti uliotoka mwaka 1992, waliona kwamba vijiji vilivyokuwa na konzo havikuwa na muhogo wa ajabu kuliko vijiji jirani. Tofauti ilikuwa kwenye maji. Vijiji salama vililoweka mizizi kwa siku tatu au zaidi. Vijiji vyenye konzo vilikuwa vimepunguza mpaka siku moja au mbili. Kwa nini? Barabara ya kwenda Kinshasa ilikuwa imetengenezwa vizuri, malori yalikuwa yanakuja, na jiji lilikuwa linataka unga. Lori halingoji. Aliyeutoa muhogo majini mapema alipata fedha za chumvi, sabuni na ada ya shule, na muhogo wa haraka uleule ukabaki pia kwenye chungu cha nyumbani. Barabara nzuri, jambo ambalo kila mbunge huahidi, ilifika mpaka kwenye kidimbwi cha kulowekea muhogo ikaondoa siku mbili.

Ndiyo maana huwa nakasirika ninaposoma ripoti inayomalizia kwa kusema akina mama waelimishwe kuhusu maandalizi ya muhogo. Walikuwa wanayajua. Bibi zao waliyajua. Kilichowapungukia ni siku, na siku zilichukuliwa na njaa, na soko, na vita vinavyomfanya mtu aogope kushinda mtoni, na umbali wa maji wakati wa kiangazi. Wagonjwa wa konzo huongezeka kiangazi kwa sababu hiyohiyo.

Lakini sianidi peke yake haitoshi kuieleza konzo. Mwili wa binadamu una njia ya kuitoa: huifunga kwa salfa, ikawa thiosianati, kitu chenye sumu ndogo zaidi kinachotoka kwa mkojo. Salfa hiyo hupatikana kutokana na protini, hasa ya nyama, samaki na mayai. Ni akiba ambayo mwili huitumia kila mlo wa muhogo unapoingia. Anayekula samaki hujaza akiba yake kila siku. Anayekula ugali wa muhogo asubuhi na jioni, na mboga kidogo, anatoa tu, kwa sababu muhogo wenyewe una protini haba sana. Akiba ikiisha, sianidi huenda njia nyingine na kugeuka kemikali zinazodhaniwa kushambulia neva. Hapo tunaelewa kwa nini wavuvi wa ziwani na watu wa mwambao wanakula muhogo maisha yao yote bila konzo. Tunaelewa pia kwa nini ugonjwa huchagua watoto na akina mama: mwili unaokua na mwili unaonyonyesha ina matumizi makubwa ya protini, na katika nyumba nyingi kipande cha nyama, kikipatikana, huwekwa kwenye sahani ya baba.

Sasa turudi Kahemba kwa watoto wa kundi la kati. Kama uharibifu wa neva ungekuwa kitu cha kuwepo au kutokuwepo, basi asiyekuwa na konzo angekuwa mzima, na kazi ya serikali ingekuwa kuwahesabu wanaochechemea. Utafiti ule wa 2013 uliivunja hesabu hiyo. Wenye konzo walikuwa chini zaidi, wale wa chungu kilekile wakawa katikati, na wa mbali wakawa juu: hizo ni ngazi, na sumu ilikuwa imegusa kila aliyekula. Désiré Tshala-Katumbay, mtaalamu wa neva Mkongo aliyesomea Kinshasa na kufanya utafiti katika Chuo Kikuu cha Afya na Sayansi cha Oregon, Marekani, amekuwa akilisema jambo hili kwa miaka: konzo inayoonekana ni sehemu ndogo ya madhara. Mimi nakubaliana naye kabisa. Mwalimu wa darasa la tatu Kahemba anayemwita mtoto mzito, mvivu wa kukariri, huenda anautazama unga.

Mbona basi watu wanaokula chungu kimoja hawaumwi sawa? Mgawanyo wa nyama unajibu sehemu, lakini miaka ya karibuni watafiti wameanza kutazama tumboni. Mwili wa binadamu wenyewe si hodari wa kuivunja linamarini. Bakteria wa utumboni wanaweza. Baadhi yao wana vimeng'enya vinavyofanya ndani ya mtu kazi ileile ambayo kimeng'enya cha muhogo hufanya mzizi unapotafunwa. Mwaka 2021, Matthew Bramble, Tshala-Katumbay na wenzao walichapisha uchunguzi wa bakteria wa utumboni wa Wakongo 180, kutoka Kinshasa, Masi-Manimba na Kahemba. Jamii za bakteria zilitofautiana kati ya mahali na mahali, na huko Kahemba zilionekana kuwa na uwezo mkubwa zaidi wa kuifungua sianidi kutoka kwenye linamarini. Yaani sahani mbili zenye unga mmoja zinaweza kutoa kiasi tofauti cha sumu kulingana na tumbo linalozipokea. Ni kazi changa, na sitaki kuikuza kupita ilivyo. Lakini inalifungua swali la zamani kwa mlango mpya.

Wakati wanasayansi wanafungua milango, watu wanakula. Kwa hiyo kazi ninayoiheshimu kuliko zote katika habari hii ni ya mzee mmoja wa kemia, Howard Bradbury, wa Chuo Kikuu cha Taifa cha Australia, mjini Canberra. Yeye alijiuliza: unga ukiwa tayari umesagwa, na bado una sumu, je, kuna la kufanya kabla ya kusonga ugali? Jibu lake ni hili. Chukua unga mkavu, utie maji na kuukoroga mpaka uloane wote. Utandaze juu ya mkeka au ungo, unene usiozidi sentimeta moja. Uache saa mbili juani, au saa tano kivulini. Kisha songa ugali siku hiyohiyo. Kinachotokea ni kwamba kimeng'enya cha muhogo bado kimo ndani ya unga, kimelala kwa ukavu. Maji yanakiamsha, kinaimalizia linamarini iliyobaki, na sianidi inapaa hewani. Sumu hushuka mpaka theluthi ya ilivyokuwa, mara nyingine chini zaidi. Hakuna kifaa cha kununua wala dawa ya kuagiza.

Jean-Pierre Banea, aliyeongoza mpango wa taifa wa lishe wa Kongo, aliipeleka njia hiyo katika kijiji cha Kay Kalenge, wilaya ya Popokabaka, kwenye mwaka 2010 na 2011. Wanawake wa pale walifundishwa, wakafundishana, na mabango ya picha yakabandikwa. Katika muda wote wa mradi hakutokea mgonjwa mpya wa konzo, na thiosianati katika mikojo ya watoto ilishuka. Kilichoifanya njia ikubalike, nadhani, ni jambo ambalo hakuna bango lingeweza kuliuza: ugali ulipoteza ule uchungu, na walaji wakaupenda. Vijiji vingine vikafuata. Mlingi naye aliifundisha njia hiyohiyo kusini mwa Tanzania.

Niweke wazi kwamba hii haiwi badala ya kuloweka. Unga uliotokana na mizizi iliyolowekwa siku moja huwa na sumu nyingi kiasi kwamba saa mbili za jua haziwezi kuimaliza yote. Viwili hivyo hufanywa pamoja. Na hakuna kati yavyo kinacholeta salfa. Hiyo itatoka kwenye maharage, dagaa, mayai na kuku, na mazungumzo ya nani anapewa nini wakati wa kula.

Wapo wanaolitafuta suluhisho ndani ya mmea. Mwaka 2023 wanasayansi wa Berkeley, Marekani, na wenzao walionyesha kwamba wakizima jeni mbili za muhogo kwa kuzihariri, mmea hauwezi tena kutengeneza linamarini. Ni kazi safi ya maabara, na ningefurahi kuona mbegu hiyo ikijaribiwa. Ila yeyote atakayeipeleka Kahemba au Masasi atakutana na swali la mkulima: ngedere je? Na wezi? Uchungu ule ni uzio wa shamba, na anayeuondoa anapaswa kuja na uzio mwingine mkononi. Kuna sehemu wakulima watasema ndiyo kwa furaha, hasa walio karibu na makazi. Kwingine watakataa, na watakuwa na haki.

Mwezi wa Septemba 2017, huko Kasese, magharibi mwa Uganda, watu waliokuwa matangani walipika ugali wa unga wa muhogo, wakaanza kutapika na kuharisha muda mfupi baada ya kula. Kwa jumla wagonjwa 98 walihesabiwa wilayani, na wawili wakafa. Unga uliopimwa ulikuwa na wastani wa miligramu 88 za sianidi kwa kilo, karibu mara tisa ya kikomo. Ulikuwa unga wa dukani. Walioununua hawakuwa na njia ya kujua mizizi ile ililala majini siku ngapi, kwa kuwa ukishasagwa wote huwa mweupe.

Vifo vile viliandikwa, na wachunguzi wa afya walikwenda. Unga wenye miligramu 30 au 40 hauui mtu matangani. Huliwa nyumbani, na hakuna anayekwenda kuuliza. Bradbury alitengeneza pia kikaratasi cha kupimia, cha rangi ya manjano, kinachowekwa ndani ya kichupa chenye unga kidogo na maji. Kikikaa usiku mmoja hugeuka kahawia kadiri sumu ilivyo. Kinaweza kutumiwa na afisa afya wa kata baada ya mafunzo mafupi. Miji yetu inakua, ngano imepanda bei, na unga wa muhogo umeanza kuchanganywa kwenye mikate na maandazi, jambo jema kwa mkulima wetu. Malori yanaondoka vijijini kama yale ya Bandundu, na kila soko linalopokea magunia hayo linahitaji vichupa vichache, karatasi hizo, na mtu aliyeajiriwa kuzisoma asubuhi kabla ya magunia kufunguliwa.